Kusomea sheria ukiwa Mombasa: kampasi ya hapa, bara, au London kwa masafa?

Karani_Shimanzi
Salamu kwenu nyote. Nafanya kazi katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. KCSE nilipata C+, Kiswahili B+, Kiingereza B-. Nataka niwe wakili wa kusimama kortini, si kuwa na shahada tu. Naona njia tatu: kampasi ya Mombasa ya Chuo Kikuu cha Nairobi, nibaki nyumbani, kuacha kazi niende chuo cha bara, au shahada ya University of London, nisome kwa masafa. Nina mke na mtoto mdogo. Mliopitia, nielezeni ipi inafaa kwa mtu wa hali yangu.

Wakili_MwembeTayari
Karibu, kaka. La alama lisikusumbue. Kinachotakiwa ni C+ ya jumla pamoja na B ya Kiingereza au ya Kiswahili, na Kiswahili chako kimepita hapo. Yaniuma kuona vijana wengi wa Pwani wanakata tamaa kwa sababu ya Kiingereza, na hakuna aliyewaambia.

Sasa hizo njia tatu. Zote unazilinganisha kwa miaka ya shahada, lakini ukimaliza shahada bado hujawa wakili. Iwe umesoma Mombasa, Eldoret au Nakuru, mlango ni mmoja: Kenya School of Law, chuo cha kuwaandaa mawakili kilichoko Karen, Nairobi. Kozi ya huko ni kama mwaka na nusu, ndani yake mkiwemo miezi 6 ya uanagenzi chini ya wakili mzoefu. Mitihani husimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Ukifaulu unaandika ombi kwa Jaji Mkuu, unaapishwa, unatia sahihi kwenye orodha ya mawakili, kisha unachukua cheti cha kufanya kazi, ambacho hulipiwa upya kila mwaka.

Kwa hivyo swali langu kwako ni hili: kati ya hizo njia tatu, ni ipi itakayokufikisha Karen ukiwa bado na pesa mfukoni? Nimeona vijana wenye shahada nzuri wakikaa nyumbani miaka baada ya kuhitimu kwa sababu familia ilimaliza akiba yote kwenye chuo kikuu.

Binti_Kuze
Naunga mkono, maana Karen nimetoka juzi. Masomo ni 9: kesi za madai, kesi za jinai, mirathi, uandishi wa hati, utetezi mahakamani, maadili, usimamizi wa ofisi, uhamishaji wa ardhi na mikataba ya biashara. Kazi za mradi na mtihani wa kusema hubeba asilimia 40, mtihani wa kuandika 60. Huko hawakuulizi sheria inasema nini peke yake. Unapewa kisa, mathalan mtu amefukuzwa kwenye nyumba ya kupanga Kisauni, na unatakiwa uandike hati ya madai yenyewe, mpangilio wake, aya zake, mpaka mahali pa sahihi.

Kodi ya nyumba, nauli na chakula cha Nairobi ndivyo vilivyonielemea zaidi. HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, hutoa mkopo kwa wanafunzi wa Kenya School of Law, kaka, usisahau kuuomba mapema.

Baba_Bamburi
Mimi naona tofauti kidogo. Mwanangu nilimpeleka Nairobi kupitia KUCCPS, ile idara ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, na sijutii. Amepata mashindano ya kesi za mfano, maktaba kubwa, na wenzake ambao kesho ndio watakaokuwa mahakimu na mawakili anaokutana nao. Mtoto aliyesoma mlangoni kwao hukosa mambo hayo.

Wakili_MwembeTayari
Mzee wangu, kwa kijana aliyetoka shule mwaka huu nakubaliana nawe moja kwa moja, hasa akipata nafasi ya serikali. Lakini huyu ndugu yetu ana mshahara na ana familia. Akiacha kazi, anapoteza mshahara wa miaka 4 na bado atalipa kodi mbili. Na Mombasa haina uhaba wa korti: Mahakama ya Rufaa huketi hapa, Mahakama Kuu ipo, ya Mazingira na Ardhi ipo, ya watoto ipo Tononoka, na Shanzu kuna nyingine. Mwanafunzi wa hapa akijitahidi kukaa kortini kila apatapo nafasi, atajifunza mengi.

Msomi_Ganjoni
Kuhusu London. Shahada yenyewe ni nzuri na ina heshima, unasoma kwa saa zako. Lakini ada ni kwa pauni, na shilingi ikishuka unalia. Halafu ni shahada ya nje: lazima Baraza la Elimu ya Sheria liitambue, na kabla ya Karen kuna mtihani wa kujiunga. Baraza lina masomo 16 ya lazima. Yale ambayo hukuyasoma London, utatakiwa uyasome tena hapa. Kama shabaha ni korti za Kenya, hiyo ni kuzunguka. Ingekuwa wataka kazi ya ushauri katika kampuni za meli, ningekuambia fikiria.

Uganda pia watu huiulizia. Stashahada ya Law Development Centre, Kampala, inakufungulia korti za Uganda. Kurudi kufanya kazi Kenya ni utaratibu mwingine.

Msaidizi_Kwale
Mbona hakuna anayetaja kazi yetu wasaidizi wa kisheria, tunaosaidia watu mambo ya sheria bila kuwa mawakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inatutambua, na Kenya School of Law yenyewe ina stashahada yake. Hutasimama kortini kama wakili, lakini kazi ni ya maana na gharama ni ndogo.

Karani_Shimanzi
Shukran sana. Kwa hivyo London naiweka kando. Maswali mawili: uanagenzi naweza kuufanya Mombasa? Na nikishaapishwa, naweza kufungua ofisi yangu mara moja?

Wakili_MwembeTayari
Uanagenzi, ndiyo, Mombasa. Tafuta wakili mwenye miaka isiyopungua 5 kazini, na mtafute mapema, maanake ofisi nyingi ni ndogo na posho ni kidogo au hakuna kabisa. Usiichukulie miezi hiyo kama adhabu. Hapo ndipo utakapoketi na mama aliyetoka Kinango na kesi ya shamba, hati yake ya kiapo imeandikwa kwa Kiingereza, naye haelewi hata neno. Kazi yako ni kumsomea kila aya kwa Kiswahili, polepole, akisema "hapo sivyo" urekebishe, kisha ndipo aweke dole gumba. Ukiharakisha, mama huyo ameapa jambo asilolijua, na wakili wa upande wa pili atamwumbua kizimbani.

Ofisi yako mwenyewe, hapana, si mara moja. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Mawakili kinataka kwanza uajiriwe miaka 2 mfululizo baada ya cheti cha kwanza. Iweke kwenye hesabu zako za nyumbani, umweleze na mkeo tangu sasa.

Mimi ningekuwa wewe ningesoma hapa hapa, nikibaki kazini, na kila mwezi ningetenga kitu cha Karen kwenye akaunti isiyoguswa. Mambo ya forodha unayoyajua ni mtaji. Meli ikizuiliwa kwa deni bandarini, kesi huja Mahakama Kuu, na mawakili wanaoweza kusoma hati ya shehena bila kuelezwa ni wachache.

Binti_Kuze
Na kabla hujalipa hata shilingi, thibitisha na Baraza kwamba chuo na kampasi unayoijazia fomu vina leseni ya kufundisha sheria. Usitosheke na neno la afisa wa usajili. Orodha wanaichapisha wenyewe.

Karani_Shimanzi
Nitaiangalia leo jioni. Dada, hiyo HELB ya Karen, naomba nikuulize inboksi.