Table Mountain kwa njia ya Kasteelspoort: je, inafaa kumlipa mwongozaji wa peke yetu?

Mwenda Magamba aliuliza:

Ndugu zangu, habari za mchana. Mwezi wa Desemba mimi, mke wangu na baba mkwe tutakuwa Cape Town kwa siku nane kwa ajili ya harusi ya ndugu yetu, na tungependa siku moja kati ya hizo tupande Table Mountain kwa miguu badala ya kupanda gari la nyaya kama wafanyavyo wageni wengi. Nimevutiwa na njia inayopita Pipe Track, juu ya Camps Bay, kisha ikapanda korongo la Kasteelspoort, kwa sababu katika picha nilizoziona mtu hutembea ubavuni mwa mlima huku bahari ya Atlantiki ikiwa chini yake karibu safari nzima.

Mimi na mke wangu tumezoea kutembea katika msitu wa Magamba kule Lushoto, na mwaka juzi tulifika kilele cha Meru. Baba mkwe ana umri wa miaka 64, ni mwalimu mstaafu ambaye hutembea kilomita tano kila alfajiri, lakini goti lake la kushoto humsumbua anapoteremka. Mwenyeji wetu anasema kwamba njia ina alama na ramani ya simu inatosha, na kwamba kumlipa mtu atuongoze ni kutupa fedha. Kuna pia misafara ya pamoja ambayo kila mtu hulipa kiti chake, na bei yake ni ndogo kuliko ya kumkodi mwongozaji atakayekuwa nasi watatu tu.

Naomba ushauri wa waliowahi kupita huko. Je, mwongozaji wa peke yetu ana faida gani ya kweli, na kama tukimchukua, tumuulize nini kabla ya kumlipa?

Mkazi wa Observatory alijibu:

Karibuni sana Cape Town. Ninaishi hapa kwa mwaka wa sita sasa na njia hiyo nimeipita mara nyingi, nikiwa peke yangu (jambo ambalo simshauri mtu alifanye), nikiwa na marafiki, na mara mbili nikiwa na mwongozaji wa kulipwa.

Mwenyeji wenu hajakosea anaposema kwamba sheria haiwalazimishi kuwa na mwongozaji. Hapa si kama Kilimanjaro. Mtu yeyote anaweza kuamka asubuhi akavaa viatu akapanda. Lakini uhuru huo ndio unaowaponza wengi, kwa kuwa mlima umesimama katikati ya jiji na watu huuchukulia kama bustani ya nyuma ya nyumba. Kilele chake, Maclear's Beacon, kina urefu wa takriban mita 1,085 tu, yaani kiko chini kuliko mji wenu wa Lushoto, na mtu aliyefika Meru akiisikia namba hiyo hucheka. Asichokifikiria ni kwamba hapa unaanzia mita mia chache tu juu ya usawa wa bahari, kwamba korongo hupanda kwa mawe yaliyopangwa kama ngazi isiyokwisha, na kwamba ukungu unaweza kushuka katika muda wa nusu saa ukaufuta uwanda wote wa juu, hata usijue genge liko upande gani.

Kuhusu njia yenyewe, Pipe Track huanzia Kloof Nek, mahali panapofikika kwa gari, na hupita chini ya vilele viitwavyo Twelve Apostles. Ilichongwa mwaka 1887 kwa ajili ya kuhudumia bomba lililoleta maji mjini kutoka mlimani, na hadi leo mtatembea sambamba na bomba hilo katika sehemu nyingi. Kwa muda wa kama saa moja njia si ngumu, kwa kuwa hupanda na kushuka kidogo kidogo, bahari ikiwa upande wenu wa kulia. Kisha mtakuta kibao cha Kasteelspoort na hapo ndipo kazi huanza. Ubavu huo unatazama magharibi, kwa hiyo asubuhi huwa na kivuli cha mlima na adhuhuri hugeuka tanuri; Desemba ni kiangazi chetu, na msipokuwa mmeanza kutembea saa kumi na mbili na nusu asubuhi mtajuta. Vichaka vifupi mtakavyopita katikati yake, ambavyo wenyeji huviita fainbosi, havina mti wa kumkinga mtu na jua. Mtawaona pimbi wameketi juu ya mawe bila kumwogopa mtu. Tafadhali msiwape chakula.

Karibu na kichwa cha korongo kuna bamba la mwamba lililojitokeza hewani ambalo kila mtu hutaka kupigwa picha juu yake, na siku za Jumamosi foleni yake hufanana na ya benki mwisho wa mwezi. Pitieni siku ya kazi. Kilicho bora zaidi, kwa maoni yangu, ni kile ambacho wengi hawakitazami: mabaki ya kituo cha nyaya zilizotumika mwishoni mwa karne ya 19 kupandishia vifaa kutoka Camps Bay, wakati mabwawa ya juu ya mlima yalipokuwa yakijengwa. Mkiendelea mbele kidogo mtayafikia mabwawa yenyewe. Woodhead lilikamilika mwaka 1897 na Hely-Hutchinson mwaka 1904, yote mawili kwa mawe ya kuchonga, na maji yake ni ya rangi ya chai kutokana na mimea, wala si uchafu. Kando yake kuna jumba dogo la makumbusho lenye garimoshi la mvuke lililotumika katika ujenzi huo. Mara ya kwanza nilipita bila kujua lolote kuhusu hayo; mara ya pili mwongozaji alitusimamisha hapo kwa dakika arobaini, na ndiyo sehemu ya safari ninayoikumbuka mpaka leo.

Kuna jambo la usalama ambalo sitalificha. Wizi wa kutumia nguvu hutokea katika baadhi ya njia, hasa zile zilizo karibu na barabara na wakati ambapo watu ni wachache, na ushauri unaotolewa siku zote ni kutembea watu wasiopungua wanne. Ninyi ni watatu. Mwongozaji atakuwa wa nne, tena ni mtu anayepata habari za wiki hiyo kutoka kwa wenzake kuhusu njia gani iepukwe, habari ambazo ramani ya simu haina.

Kijana wa Mandara alijibu:

Naomba nichangie kama mtu wa kazi hiyo hiyo, ingawa mlima wangu ni mwingine. Nimewaongoza wageni Kilimanjaro kwa miaka 14, na mwaka mmoja nilipata nafasi ya kupanda Table Mountain nikiwa mgeni, nikamlipa mwenzangu wa huko aniongoze. Nilitaka kujua raha ya kubebewa mawazo.

Watu hudhani kwamba mwongozaji hulipwa kwa sababu anaijua njia. Njia huijua hata mbwa wa kijijini. Mwongozaji hulipwa kwa kumtazama mtu: anavyoweka mguu, anavyopumua, kama ameacha kuzungumza, kama anakunywa maji au anajifanya tu. Katika msafara wa pamoja wa watu 12 mwongozaji hawezi kumtazama baba mkwe wako kwa namna hiyo, na zaidi ya hapo mzee mwenyewe, kwa kuwa ni mtu mzima mwenye heshima zake, atajikaza asionekane anawachelewesha vijana asiowajua. Nimewaona wazee wengi wakiumia kwa sababu ya aibu kuliko kwa sababu ya mlima. Mkiwa peke yenu, mwendo ni wa mzee, na anayepanga mwendo huo ni mtu wa nje ambaye hana ukwe naye, kwa hiyo akimwambia "mzee, tukae hapa kidogo" hakuna anayevunjiwa heshima.

Kuhusu maswali, Afrika Kusini ina sheria ya utalii ya mwaka 2014 inayomtaka kila anayeongoza watalii kwa malipo awe amesajiliwa, naye hupewa beji na kitambulisho. Ombeni kuviona kabla ya kulipa, tena mtazame vimeisha muda lini na vimetolewa kwa kazi ya aina gani, kwa kuwa mtu aliyesajiliwa kuonyesha majengo ya mjini si lazima awe amefunzwa kuongoza watu milimani. Muulizeni mafunzo yake ya huduma ya kwanza ni ya lini na kama ana bima. Kisha muulizeni swali ambalo mimi hupenda kuulizwa: "Mara ya mwisho uliporudisha wageni kabla ya kufika juu ilikuwa lini, na kwa nini?" Asiyewahi kumrudisha mtu, au anayejisifu kwamba wageni wake wote hufika, huyo mwacheni aende zake.

Naye akiwa mzuri atawauliza ninyi maswali mengi kuliko mtakayomuuliza. Msimfiche habari ya goti. Mwambieni sasa, kwa maandishi, wala msingoje kumwambia mkiwa kwenye maegesho ya magari.

Binti Nyali alijibu:

Mimi nilikwenda na dada yangu mwezi wa Januari mwaka uliopita, na nina mikasa miwili.

Wa kwanza ni wa kujilaumu. Tulimpata mtu kupitia mapokezi ya nyumba ya wageni tuliyofikia, bei yake ikiwa karibu nusu ya bei za wengine, tukatuma malipo ya awali bila kuuliza lolote. Asubuhi yake alikuja amechelewa kwa saa moja na nusu, akiwa amevaa raba zilizoisha soli, hana beji wala mkoba wa huduma ya kwanza. Tulipomuuliza njia tutakayoteremkia alisema kwamba tutaona tukifika juu. Dada yangu, ambaye hana simile, alimwambia kwamba basi sisi hatutafika huko juu, tukarudi kulala. Fedha zile hatukuzipata tena.

Mwongozaji wa pili tulimpata kwa kufuata utaratibu kama aliouelezea ndugu wa Mandara. Alitupigia simu jioni ya kabla ya safari, akasema kwamba kesho yake upepo wa kusini-mashariki ungevuma kwa nguvu na akaomba tusogeze safari kwa siku moja. Sisi wa pwani tunaijua kusi, lakini yao huvuma miezi ya kiangazi chao, Oktoba hadi Machi, wakati sisi tumo katika kaskazi. Upepo huo ukipanda mlima huleta lile wingu jeupe linalomwagika pembezoni mwa uwanda kama kitambaa cha meza, na ukiwa mjini ni picha nzuri ajabu. Ukiwa ndani yake hata mkono wako huuoni vizuri, na baridi huingia mifupani. Tuliposogeza siku, hakutudai hata senti ya ziada, na hilo msafara wa pamoja usingeweza kutufanyia kwa kuwa tarehe yake huwa imepangwa.

Hata siku ya pili hatukufika Maclear's Beacon. Tulipokuwa tunakaribia mabwawa, alitazama mawingu upande wa kusini, kwenye mtaa wa Constantia, akapima uso wa dada yangu, akasema kwamba tuketi, tule, kisha tugeuze. Niliudhika kidogo, siwezi kukataa. Tulipofika chini saa nane mchana na kuutazama mlima, uwanda wote ulikuwa umefunikwa.

Mbebe sweta na koti la kuzuia upepo hata kama mjini ni joto la kuunguza, na kila mtu awe na lita mbili za maji kwa uchache. Bakshishi mpeni mkononi, mkiwa mmeachana na dereva.

Mwenda Magamba aliandika:

Nawashukuru nyote. Nimemsomea baba mkwe maneno ya ndugu wa Mandara kuhusu aibu, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Huyo kijana amenisema." Tumekubaliana kumchukua mwongozaji wa peke yetu, na tumeomba tarehe mbili ili tuwe na siku ya akiba.

Limebaki la goti. Mpango wetu ulikuwa kupanda kwa miguu na kushuka kwa gari la nyaya ili mzee asiteremke mawe, lakini nimesoma kwamba gari hilo husimamishwa upepo ukiwa mkali. Likisimama sisi tukiwa juu, itakuwaje?

Mkazi wa Observatory alijibu:

Husimamishwa, tena mara nyingi katika miezi hiyo. Upepo ukizidi hupigwa king'ora ili walio juu warudi kituoni, na wewe ukiwa bado uko saa mbili mbali nacho hakikusaidii. Likisimama, njia fupi ya kushukia kutoka kituo cha juu ni Platteklip, nayo ni ngazi za mawe kutoka mwanzo hadi mwisho, yaani adui mkubwa wa goti. Skeleton Gorge, inayoshukia bustani ya Kirstenbosch, ina ngazi za mbao na mawe yanayoteleza, kwa hiyo hiyo nayo iondoeni.

Waambieni wenyeji wa harusi wawe na gari tayari, kisha mkubaliane na mwongozaji kwamba uamuzi ufanyike kwenye mabwawa, wala msiusubiri hadi kileleni. Mkiwa hapo mtafute habari za gari la nyaya kwa simu. Likiwa linafanya kazi na upepo umetulia, endeleeni kaskazini hadi kituo cha juu, kama saa mbili kwa mwendo wa mzee. Kama kuna shaka yoyote, geukeni kusini, kwa kuwa kutoka mabwawani kuna barabara ya zege inayotumiwa na magari ya watunzaji wa mabwawa ambayo huteremka polepole hadi Constantia Nek. Ni ndefu, haina msisimko wowote, na wapenda milima huidharau, lakini haina ngazi za mawe na mtu anaweza kuishuka akizungumza. Mzee aje na fimbo mbili za kutembelea, urefu wake uongezwe kidogo wakati wa kushuka, na dereva aambiwe mapema kwamba huenda akawangojea Constantia Nek badala ya Kloof Nek.