Nge-bandia hawashuki kwenye faneli

Mpekuzi_Mukono: Wakuu, nachekecha mboji ya majani kutoka msitu wa Mabira, naijaza kwenye faneli ya Tullgren, ile ambayo vidudu hukimbia joto la juu vikaanguka chupani: balbu ya wati 60 juu, ethanoli chini. Kesho yake chupa imejaa sisimizi, utitiri na kolembola (vidudu vidogo vya kurukaruka), ila nge-bandia (vijidudu vyenye magando kama nge, bila mkia) hakuna, na kwenye chekeche nimewaona. Tatizo nini? Halafu wale wenye magando membamba marefu, nitajuaje kama ni wa familia ya Chthoniidae?

Kijiti: Hiyo balbu unawaoka. Nge-bandia akishtuka mara nyingi hukunja magando akatulia, au hujibanza ndani ya jani lililojikunja akakaukia humo. Siku ya kwanza usiwashe taa kabisa. Baadaye weka wati 15 hadi 25, uache siku 4 hadi 7. Siku moja ni ya sisimizi. Tabaka lisizidi sm 5, wavu uwe wa matundu ya mm 4 au 5. Mboji isiguse ukuta wa faneli, maana mvuke hugeuka matone pale na wadogo hunasa. Umeme wenu ukikatika-katika, achana na balbu: tumia mifuko ya Winkler (ya kitambaa, mboji hukauka yenyewe bila taa), itundike siku 3, na kila siku toa mboji uipigepige kisha uirudishe.

Hadubini_Kla: Chthoniidae anza na miguu. Jozi mbili za mbele zina kipande kimoja cha tarso (ncha ya mguu), jozi mbili za nyuma zina viwili. Taya ni kubwa mno kwa mwili ule, na gamba la mbele linakaribia mraba. Kisha geuza gando: nywele hisi mbili zimesimama mgongoni mwa kiganja chake, si kwenye vidole. Gando lenyewe halina sumu. Kufika jenasi, ng'oa gando moja, liloweke katika asidi ya laktiki mpaka ling'ae, lipime chini ya hadubini. Wachanga waweke kando: aliyekomaa ana nywele hisi 8 upande wa kidole kisichosogea, zikiwemo zile mbili za kiganjani, na 4 kwenye kinachosogea, wachanga wana pungufu.

Mpekuzi_Mukono: Asanteni. Ethanoli ya asilimia ngapi?

Kijiti: 75 hadi 80 kwa kuangalia maumbo. Kwa DNA 95, kwenye friji, ingawa hapo wanakakamaa na miguu inakatika ukiwashika ovyo, kwa hiyo tumia brashi laini badala ya kibano. Lebo ya penseli iingie ndani ya chupa. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka. Na Mabira iko chini ya NFA (mamlaka ya misitu ya Uganda), kwa hiyo kibali kitangulie chekeche.