Nyanya alisema kuroweka, mtafiti kaandika kuchemsha. Kuna tofauti?

mwana_matondoni:
Asalaam aleikum wana jukwaa. Nina swali na msinicheke. Mwezi uliopita walikuja wanafunzi wawili wa chuo kikuu hapa Lamu wanafanya risachi ya miti ya dawa, wakaletwa kwa nyanyangu huku Matondoni manake yeye ndiye hukimbiliwa mtoto wa mtu akishikwa na homa. Nyanya kawapa chai na mahamri, kawaonyesha mti (jina silitaji hapa, akisikia nimelianika kwa intaneti hataniombea dua tena), kawaambia mnachuma majani kabla jua halijapanda, mnatwanga, mnaroweka kwa maji baridi usiku kucha, asubuhi mnakamua kwa kitambaa. Mimi niko pale barazani nikachungulia daftari la yule kijana, kaandika "majani, huchemshwa". Nikamwambia, akasema ah hiyo ni sawa tu, zote si ni kutoa dawa kwa maji.

Tangu siku hiyo nyanya hana raha, kila nikipita aniuliza "yule mtoto amesharekebisha?" Sasa ivi kweli kuna tofauti ama ni uzee? Na ule mfuko wa majani waliobeba, huko maabara huwa wanaufanyia nini?

kasa_wa_shela:
Walibeba mfuko mzima na hawakuacha hata shilingi? Haya, ngoja utauziwa kwa chupa.

binti_maabara:
Waaleikum salaam, na shikamoo kwa nyanya. Nimefanya kazi hii miaka kadhaa, nakwambia nyanya yako ana haki ya kukosa raha.

Tofauti ipo, tena kubwa. Hii dawa ya malaria tunayomeza leo ilikaribia kupotea kwa sababu hiyo hiyo ya kuchemsha. Uchina walianza mradi wao wa kutafuta dawa ya malaria 1967, na mama mmoja anaitwa Tu Youyou akapewa kikosi chake. Walipitia mapishi ya kienyeji zaidi ya 2,000, wakatengeneza dondoo (yaani maji ya dawa yaliyotolewa kwa mmea) kama 380 hivi kutoka mimea 200 na kitu. Mmea mmoja, qinghao, ambao wanasayansi huuita Artemisia annua, leo uliwaponya panya kesho hauponyi, wakachanganyikiwa kabisa. Basi akarudi kwa kitabu cha tiba cha zamani sana, cha mganga Ge Hong wa karne ya 4, akakuta maneno machache tu: chukua konzi ya qinghao, roweka kwa maji, kamua, kunywa maji yake. Hakuna mahali palipoandikwa chemsha! Ndo akawaza huenda moto ndio unaiua dawa. Akabadilisha akatumia etha, kimiminika cha maabara ambacho chachemka kwenye nyuzi 35 tu, na Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikaua vimelea vyote kwa panya. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wakainywa wenyewe kwanza kuona kama ina sumu, ndo wakapewa wagonjwa. 2015 akapewa tuzo ya Nobel.

Sasa mwambie huyo kijana "zote ni kutoa dawa kwa maji" amwambie Tu Youyou.

Lakini sisemi mti wa nyanya ni kama ule, mti mwingine kuchemsha ndo sawa. Nyinyi wenyewe mwajua muhogo mchungu, ule usiporowekwa na kuanikwa vizuri unakuua, kwa hiyo mapishi si kitu cha kuandika kwa kukisia. Mtafiti mzuri huandika alivyoambiwa neno kwa neno, kisha anajaribu njia zote mbili, maji baridi na maji moto, na pengine methanoli, ile pombe ya maabara.

Kuhusu majani: kwanza tawi moja lenye ua au tunda lakandamizwa kwa magazeti likauke, linapelekwa kwa wataalamu wa mimea, kule makumbusho Nairobi wana akiba kubwa ya matawi kama hayo. Hii watu hupuuza ila bila hiyo kazi yote ni bure, manake jina moja la Kiswahili laweza kuwa la miti mitatu tofauti, Lamu wanaita hivi na Malindi vingine. Yaliyobaki yanakaushwa kivulini, yanasagwa, yanarowekwa, yanachujwa. Ile dondoo inatiwa kwa vimelea vya malaria vinavyofugwa kwenye damu, na pia kwa seli nzima za kawaida, manake kitu kikiua vimelea na kikaua na seli hiyo ni sumu tu si dawa. Ikifaulu ndo wanaitenga kidogo kidogo kutafuta ni kitu gani hasa ndani yake kinachofanya kazi. Mara nyingi huishia hapo, hupati kitu. Nimewahi kukaa miezi 7 na gome moja la mti mwisho wake likatoka bure.

kasa_wa_shela:
Sasa mbona haya mambo ya kienyeji mnatupima, si nyanya keshatibu watu miaka yote

binti_maabara:
Kwa sababu mganga huona kitu cha kweli lakini pengine si kile anachodhani. Lile ua la vinka, la waridi lenye petali tano, limejaa kwenye viwanja vya nyumba hapa pwani, kule Jamaika watu walikunywa majani yake kutibu sukari. Yakapelekwa Kanada miaka ya 50, Robert Noble na Charles Beer wakayajaribu, sukari haikushuka hata kidogo, ila seli nyeupe za damu za panya zikaporomoka. Mwingine angetupa. Wao wakaona hii yaweza kufaa kwa saratani ya damu, ndo ikatoka dawa ya vinblastini, na baadaye vinkristini ambayo mpaka leo watoto wenye saratani ya damu hutiwa. Na usiende kuchemsha ua la vinka nyumbani, tafadhali.

dada_zahanati:
Naomba niingilie manake mimi ndo huletewa watoto saa nane usiku wamekwisha. Nyanya aheshimiwe lakini mtoto akiwa na homa apimwe damu siku hiyo hiyo. Hata hiyo artemisia, kuna watu wanauza majani ya chai yake wakisema ni yale yale ya dawa, shirika la afya duniani lilishasema 2019 wasiitumie hivyo, kiasi cha dawa ndani ya majani hakilingani, vimelea vikinusurika vyapata usugu. Na dawa yenyewe hutoka mwilini kwa masaa machache ndo maana kwenye AL, vile vidonge vya malaria vyenye dawa itokanayo na artemisia, imeunganishwa na dawa nyingine, lumefantrini, inayokaa zaidi. Mara mbili kwa siku, siku 3, na chakula chenye mafuta kidogo, tui la nazi latosha. Watu wanaacha siku ya pili mtoto akianza kucheza, hili laniudhi kuliko yote.

mwanasheria_mdogo:
Kasa, hilo la shilingi si mzaha. Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi tangu 2016, na kaunti ndiyo inatakiwa kuandikisha maarifa ya watu wake. Pia mtafiti awe na leseni ya NACOSTI, ile tume ya serikali ya sayansi, na kabla hajabeba jani amweleze mwenye maarifa analifanyia nini na amuombe ridhaa. Mwana_matondoni, nyanya alitia sahihi chochote?

mwana_matondoni:
Alitia kidole gumba kwa karatasi ya Kiingereza 🤦🏾 Nilimsomea juzi, imesema kutafanywa kikao cha kumrudishia majibu, nyanya mwenyewe hakuambiwa.

Nimempigia yule kijana leo nikamsimulia ya Uchina, kanyamaza kidogo kisha kasema kweli walichemsha na hawakupata kitu, msimamizi wao alikuwa ataka kuufuta mti kwenye orodha. Ameomba warudi. Nikamwambia karatasi ije ya Kiswahili safari hii, kakubali.

Nyanya nimemsimulia yote, kacheka, swali lake likawa moja tu, huyo mama wa Kichina alikamua kwa kitambaa gani. Kuhusu wale watoto amesema waje alfajiri na mahamri yao, jua likipanda yeye hamchumii mtu majani.