Ofsaidi ya kwapa: mutuambie hii VAR ilikuja kusaidia nani

Bakubwa, salamu kwa bote, lakini leo salamu ni fupi. Nafungua huu uzi na hasira, na kama uko mutu wa kupenda maneno ya polepole, pita tu. Tumechoka na hii VAR, hii refa wa video. Haina ya leo, ni kila wikendi, goli linaingia, nganda (baa) yote inasimama, chupa ya bia Simba ya mutu inamwagika, nyuma unaona refa anaweka kidole ku sikio na sisi bote tunakaa kimya kama batoto banangojea majibu ya Exetat, ule mutihani wa taifa. Dakika moja. Mbili. Tatu. Ku tele banarudisha picha, banaisimamisha, banachora mustari ya bluu, banachora ya nyekundu, nyuma eti hapana, ncha ya kiatu. Ncha ya kiatu! Yule mushambuliaji hata yeye mwenyewe hakujua kiatu yake iko pale.

Na musianze kuniambia eti sijui sheria, sheria naijua. Sheria ya 11 inasema uko ofsaidi kama kichwa, mwili ao mguu, hata sehemu ndogo, iko karibu na mustari wa goli ya mupinzani kupita mpira na kupita mupinzani wa pili kutoka mwisho, na uko mu nusu yao. Mikono haihesabiwi, hata ya kipa. Sasa IFAB, bale banaandika sheria za mpira, bakakaa bakaamua mukono inaanzia wapi: pale chini kabisa ya kwapa. Njo maana tarehe 2 Novemba 2019 pale Villa Park, Firmino wa Liverpool alifutiwa goli juu ya kwapa. Bantu bazima, ba mushahara, bamefungiwa mu chumba London banapima kwapa ya mutu!! Na sisi huku tunangojea.

Sasa musikie hapa, juu hapa njo kuna uongo mukubwa. Banatuonyesha ule mustari mwembamba eti ni hakika ya mwisho, lakini kamera ya tele inapiga picha 50 kwa sekunde. Mutu anakimbia kilomita 30 kwa saa, hiyo ni mita 8 na kitu kwa sekunde, gawanya kwa 50, unapata sentimita 16 na zaidi. Maana yake kati ya picha moja na ile inafuata mushambuliaji amesogea sentimita 16, na beki mwenye anapanda mbio juu amuache ofsaidi naye amesogea, upande ya kinyume. Na mpira je? Mpira uliguswa na mwenye pasi mu picha hii ao mu ile ingine? Mutu wa VAR njo anachagua. Anachagua picha yeye mwenyewe kwa macho, nyuma anapima ukucha! Miye haina injinia, niko nauzisha chaja na ekuta (vya kusikilizia) za simu pale Kenya (komine ya Lubumbashi, haina ile nchi), lakini kama kipimo chako kinaweza kukosea sentimita 16, ukucha unaipima na nini?

Najua kuna mutoto mumoja wa polytechnique (chuo ya bainjinia) atakuja kusema papa, teknolojia imeendelea. Ni kweli. Qatar 2022 baliweka kamera 12 chini ya paa ya uwanja, zinafuata alama 29 mu mwili ya kila muchezaji mara 50 kwa sekunde, na mu mpira baliweka sensa yenye inatuma habari mara 500 kwa sekunde. Goli ya kwanza kabisa ya ile Kombe la Dunia, Enner Valencia wa Ecuador, dakika ya 3, ikafutwa juu ya mguu ya mwenzake. Sawa, sasa mpira tunajua uliguswa saa gani. Lakini pale mwili ilikuwa bado ni mara 50. Uingereza nabo baliianza Aprili 2025, angalau inaharakisha, hiyo naikubali. Ila hiyo ni vitu ya matajiri, tuendelee.

Kitu inaniuma zaidi ni hii. 2018 wakati baliingiza VAR mu kitabu ya sheria balituambia ni kwa kosa ya wazi kabisa, na ni mambo ine tu: goli, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na kama refa amepatia kadi mutu mwenye hakufanya. Tukasema sawa, mwizi akiibia machoni ya bote tumushike. Nyuma bakaiweka ofsaidi pembeni, eti ofsaidi ni ndiyo ao hapana, haina mambo ya wazi pale. Njo pale balituibia!! Ofsaidi iliwekwa juu mutu asikae ku goli ya bengine anangojea mpira apige, haikuwekwa juu ya kupima viatu. Mutu mwenye kila jicho mu uwanja linamuona eko sawa na beki, amepata faida gani? Faida ya ukucha?

Miye nataka kitu kidogo. Kama tofauti ni ndogo kupita kosa ya kamera, ile mwenye kibendera alisema ibaki vile alisema. Musimu ya 2021-22 Uingereza balinenepesha ile mistari, ikigusana goli inakubaliwa. Kumbe inawezekana! Sasa kwa nini kila mashindano inapika yake?

Na mwenye kibendera, tumuongelee pia. Sasa habanyanyui kibendera. Unaona mutu eko ofsaidi mita mbili, bibi yangu mwenye anafuata tu kelele anaona, lakini kibendera iko chini, eti tungojee kwanza kama itakuwa goli. Bachezaji banakimbia bure, banagongana bure. Mei 2025 Taiwo Awoniyi wa Nottingham Forest aliingia mwili mzima mu mwamba wa goli mu shambulio yenye ilikuwa ofsaidi tangu mwanzo, akapasuliwa tumbo, akalazwa usingizi wa dawa ku hospitali. Mutu karibu anapoteza maisha juu ya mpira wenye ulikuwa umekufa zamani. Hii njo maendeleo?

Halafu musiniambie mashine haikosei. Tarehe 30 Septemba 2023 Luis Díaz wa Liverpool alifunga mbele ya Tottenham, alikuwa mahali pazuri kabisa, hakuna mambo ya kwapa. Ku uwanja bakasema ofsaidi. Mutu wa VAR akaangalia, akaona eko sawa, lakini yeye alifikiri ku uwanja bamesema goli! Basi akaambia refa bamemaliza kuangalia, mechi ikaendelea, Tottenham 2 Liverpool 1, nyuma bakaomba musamaha. Miye ni wa Chelsea, Liverpool ikilia miye nacheka, lakini ile siku sikucheka.

Sasa tuje kwetu. Bantu ya Mazembe, timu yetu ya Lubumbashi, bote banakumbuka 2019, Espérance ya Tunis balitutoa ku nusu fainali ya klabu za Afrika, 1-0 kule kwabo na 0-0 hapa Lubumbashi. Sawa, tulikosa goli, yetu iliisha pale. Ila fainali sasa, 31 Mei, Radès kule Tunisia, Wydad ya Maroc (Morocco) banafunga goli ya El Karti kwa kichwa, kibendera inapanda, ofsaidi. Bachezaji banasema twende tuangalie VAR. VAR gani? Ilikuwa imeharibika!!! Fainali ya klabu kubwa za Afrika nzima, mashine iko pale pembeni imekufa, hakuna alitengeneza. Wydad bakakataa kucheza, saa nzima na zaidi bantu banasimama ku uwanja banazozana, nyuma refa akapatia Espérance kombe. CAF, bakubwa ba mpira ya Afrika, bakasema mechi irudiliwe, mambo ikaenda mpaka ku tribinali ya michezo, ikarudi, mwisho kombe ikabaki Tunis. Na munajua sheria inasema nini? Inasema VAR ikiharibika mechi haifutwi juu ya ile. Kwa hiyo ikifanya kazi inakupimia ukucha, ikikufa ni bahati yako mbaya.

Sisemi VAR inachukia Congo, bale ba kusema vile baache. CAN (Kombe la Afrika) ya Côte d'Ivoire ilitupatia penalti mbele ya Maroc, balirudi ku ekrani bakaona mukono, Bakambu wetu akapiga mwamba. Hiyo tutalaumu nani. Nyuma ku nusu fainali na Côte d'Ivoire, 7 Februari 2024, Bakambu huyo huyo anaweka mpira ndani mapema kabisa, refa anasema faulo juu ya kipa. Hapa komine ya Katuba bantu balikuwa bameshatoka mu barabara, bamama banapiga sufuria, halafu banarudi moja moja ndani. Haller akatufunga, 1-0, tukalala. Mpaka leo ukitaka kupigana mu nganda yenyewe, sema tu ile goli ilikuwa faulo.

Na pale pale ku nganda, juzi, kuna mzee mumoja wa Lupopo, ile timu ingine ya hapa yenye banaita Cheminot, alistaafu mu reli, mutu wa heshima. Tulikuwa tunabishana, akachukua vifuniko vya chupa akavipanga ku meza ya plastiki, hii ni beki, hii ni kipa, hii ni Cheminot wetu, akamwaga pombe kidogo akavuta mustari na kidole. Akasema, «Mutoto, miaka yote Mazembe munatufunga na magoli ya ofsaidi ku derbi, VAR ije ku uwanja ya Kamalondo hata kesho.» Nikamuambia, «Papa, kwa heshima, hiyo mustari yako ni ya kidole, inaweza kuwa sentimita 2, kifuniko chako iko hapa ao iko pale?» Akakisogeza kidogo. Nganda yote ikapiga makelele!! Akasema nimekigusa tu. Njo kitu nasema, kila mutu mwenye anashika mustari anasogeza kifuniko kidogo.

Kitu ya mwisho halafu nawaacha muniseme. Kwa nini habatuambie nini banaangalia? Mutu amelipa tiketi, eko ku uwanja, anaona refa amesimama tu. Kombe la Dunia ya banawake 2023, Australia na New Zealand, refa alikuwa anarudi ku ekrani halafu anasema kwa maikrofoni mbele ya uwanja mzima, nimeona hivi, naamua hivi. Ilichukua sekunde ngapi? Hakuna alikasirika. Kelele inakuja wakati bantu habajui.

*

Narudi. Naona mumejibu mingi, nitajibu bale bana adabu tu.

Wewe wa kusema «ofsaidi ni ofsaidi hata kama ni milimita moja», soma tena pale kwenye sentimita 16. Miye sikatai sheria, nakataa mutu kuniapia milimita na kamera yenye haiwezi kuona milimita. Kama haukuelewa gawanya mwenyewe, simu yako iko na kalkuleta.

Wewe wa kusema VAR ifutwe yote. Hapana mukubwa. 2009 Thierry Henry wa Ufaransa alishika mpira na mukono, Gallas akafunga, Ireland bakabaki nyumbani, bakakosa Kombe la Dunia. Hiyo VAR ingekamata mu sekunde 10. Wolves baliomba kura ifanyike 2024 iondolewe Uingereza, klabu 19 bakakataa, ni bo peke yabo balibaki. Sweden njo bantu balisema hatuitaki na hawakuiweka, nabaheshimu, lakini miye sitaki iondoke, nataka irudi ku kazi yake ya kwanza, kosa ya wazi.

Wewe wa kusema nimepoteza pari (kubeti) njo maana nalia: miye sichezi pari. Na bibi yangu anasoma huu uzi kwa hiyo tafazali uchunge kinywa.

Na wewe wa Lupopo, mwenye umeandika kwa herufi kubwa VAR KU DERBI SASA HIVI. Ndugu yangu, sawa, tuseme inakuja. Nani atakaa mu kile chumba? Mutu wa hapa Lubumbashi? Kama ni wa kwetu mutasema ni wa Mazembe, kama ni wa kwenu tutasema ni Cheminot, kama anatoka Kinshasa tutakataa bote, hiyo njo siku ya kwanza tutasikilizana. Na umeme ukikatika dakika ya 90 wakati banachora mustari, goli inahesabiwa ao haihesabiwi? Jibu hiyo kwanza, na uandike kwa herufi ndogo.