Ngano za Grimm: tusome toleo la 1812 au la 1857?

Mtoa mada: Wakuu, vitabu vingi vya ngano za ndugu wa Kijerumani Jacob na Wilhelm Grimm madukani vinafuata toleo la 7, la 1857: ngano 200 na visa 10 vya kidini vya watoto. Naona hiyo ni kalamu ya Wilhelm Grimm kuliko sauti ya wasimulizi. Anayetaka ngano zenyewe arudi kwenye juzuu za mwanzo, ya 1812 (ngano 86) na ya 1815 (70). Chukueni Rapunzel, binti aliyefungiwa mnarani, ambaye mwana wa mfalme anamtembelea kwa siri kwa kupanda nywele zake. Mwaka 1812 binti anamwuliza mlezi wake mbona nguo zinambana, na mlezi anang'amua papo hapo kuwa ana mimba. Mwaka 1857 anauliza mbona mlezi ni mzito kumvuta juu kuliko mwana wa mfalme. Binti anajisaliti bila sababu yoyote, halafu mapacha anaojifungua nyikani wanazuka tu!

Mchangiaji wa 1: Mkuu, mfano huo unakuangusha. Rapunzel haikutoka kwa bibi wa kijijini. Jacob aliitoa kwenye kitabu cha Friedrich Schulz cha 1790, nacho kilifuata hadithi ya Kifaransa ya 1698. Wasimulizi wao wengi walikuwa mabinti wasomi wa Kassel, mji wa Ujerumani. Akina Hassenpflug, familia mojawapo ya hao, walikuwa na asili ya Wahugenoti, yaani Waprotestanti waliokimbia Ufaransa, ndiyo maana Paka Mwenye Viatu aliingia 1812, akaondolewa 1819 kwa kufanana mno na yule wa Perrault, mwandishi Mfaransa.

Mchangiaji wa 2: Hata hivyo msimfute Dorothea Viehmann, mke wa fundi cherehani wa kijiji cha Niederzwehren, karibu na Kassel. Alisimulia, kisha akarudia polepole ili waandike. Kosa kubwa la wachapishaji ni kuweka "1812" jaladani huku ndani mkiwa na maandishi ya 1857. Kuwabaini ni rahisi: fungua Theluji Nyeupe. Mama mzazi ndiye anayetaka binti auawe? Hiyo ni 1812. Mama wa kambo aliingia 1819. Kwa Hansel na Gretel, wa kambo alisubiri hadi 1840.

Mtoa mada: Asili ya Ufaransa siipingi, na haigusi hoja yangu: Wilhelm aliwabadilisha akina mama hao kwa makusudi, ili mama mzazi abaki safi machoni pa watoto. Msomaji ana haki ya kujua. Kila ngano ichapishwe na mwaka wa toleo lake, na jina la msimulizi linapojulikana.

Mchangiaji wa 1: Na chanzo cha maandishi pia, mkuu. Bila Schulz, Rapunzel itaendelea kuitwa ngano ya wakulima.