Isale kwenye chungu sebuleni: paka akitafuna majani atadhurika?

Mama_Pasua (Moshi)
Habari za humu ndani. Nina isale kwenye chungu sebuleni, lile lenye mstari wa njano katikati ya jani, kimo chake kama mita moja. Paka wangu ana miezi saba na anapenda kutafuna ncha za majani. Jana ametapika povu mara mbili, na mboni za macho zilikuwa pana ingawa ni mchana kweupe. Leo asubuhi amekula vizuri. Je, isale ni sumu kwa paka? Nilitoe kabisa?

Tabibu_Njiro (Arusha)
Shikamoo mama. Ndiyo, ni sumu, ila si ya kuua haraka. Isale ni Dracaena fragrans, na jamii hiyo ina saponini, kemikali inayotoa povu kama sabuni na kuwasha utando wa tumbo. Ndiyo maana paka hutapika (wakati mwingine povu lina damu kidogo), hutoa udenda, hukataa chakula na huzubaa. Mboni kupanuka ni dalili ambayo kwa sumu hii huonekana kwa paka hasa, kwa hiyo ulichokiona kinalingana na isale.

Kwa kuwa amekula leo, mwelekeo ni mzuri. Ondoa chungu, futa mdomo wake kwa kitambaa kilicholowa maji, na mwekee maji safi karibu. Halafu kagua vitu viwili: vuta ngozi ya kati ya mabega juu kisha iachie, inatakiwa irudi papo hapo, gusa fizi, zinatakiwa ziwe na unyevu. Ngozi ikirudi polepole au fizi zikinata, amepungukiwa maji. Hapo mpeleke kwa daktari wa mifugo, vilevile akitapika zaidi ya mara tatu kwa siku, ukiona damu, au akimaliza saa 24 bila kula. Beba jani alilotafuna ili daktari alione.

Tafadhali usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike. Chumvi yenyewe humdhuru. Mafuta ya kupikia huweza kuingia kwenye mapafu. Maziwa hayaondoi sumu, mara nyingi yanaongeza kuhara. Na parasetamoli kamwe: kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kuua paka mzima, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo kama letu.

Bustani_Tengeru
Naongezea upande wa mimea. Isale la mpakani mwa kihamba (shamba la ukoo la Wachaga) usiling'oe, ndilo alama ya mpaka, Mchaga yeyote atakuelewa. Hatari zaidi ni lile la ndani, kwa sababu paka anayefungiwa hana kijani kingine cha kutafuna. Hamishia chungu barazani penye kivuli, maana jua kali la mchana huunguza majani yake, kisha mpe paka nyasi zake mwenyewe.

Loweka konzi moja ya ngano usiku kucha. Chukua kopo lenye kina cha sentimita 8 hivi, litoboe chini, jaza udongo, tandaza ngano na uifunike kwa udongo wa unene wa nusu sentimita. Nyunyiza maji uwe na unyevu tu. Baada ya siku 7 hadi 10 nyasi zinafaa kuliwa. Msimu wa baridi wa Juni na Julai zinachelewa kidogo. Zikianza kuwa njano tupa, kwa hiyo panda kopo la pili wiki moja baadaye. Ukungu ukitokea, ujue maji yamezidi au matundu hayatoshi.

Angalizo moja kubwa: nunua ngano ya kula sokoni, siyo mbegu ya duka la pembejeo. Mbegu za kupanda mara nyingi zimepakwa dawa ya kuvu, utaziona zina rangi nyekundu au pinki. Vilevile ua lolote kutoka kitaluni lioshe majani yote kabla ya kuliingiza ndani, na usilipulizie dawa ya wadudu yenye permethrini. Mbwa huvumilia, paka hupata mtetemo na degedege.

Ukitaka mapambo ya sebuleni yasiyo na sumu kwa paka, weka Saintpaulia, ua dogo la zambarau lenye asili ya milima ya Usambara hapa hapa kwetu. Au Chlorophytum, lile la majani membamba yenye mistari myeupe linalotoa vitoto vya kuning'inia.

Mama_Pasua (Moshi)
Marahaba, na asanteni sana. Na lile la majani yaliyosimama kama panga? Na aloe? Binti yangu naye ana sherehe, maua yataletwa mengi.

Tabibu_Njiro (Arusha)
La panga ni Sansevieria, siku hizi wataalamu wanalihesabu kuwa Dracaena, saponini ni zile zile. Aloe husababisha kutapika na kuhara, hasa ule utomvu wa njano chini ya ganda.

Lakini kwenye maua ya sherehe kuwa mkali kuhusu lili (Lilium), yale makubwa yenye chavua ya rangi ya chungwa. Jani moja, chavua aliyoilamba kwenye manyoya, hata maji ya chombo cha maua, vinatosha kuharibu figo za paka. Hutapika mapema, kisha huonekana kama amepona, na ndani ya siku moja hadi tatu figo zinakufa. Kwa hili usisubiri dalili wala usipime ngozi: akigusa tu, awekewe dripu siku hiyo hiyo, kabla ya saa 18 kupita. Mwambie mpambaji tangu sasa asiweke lili hata moja.