Vijana wanaijaribu StarCraft siku mbili wanaikimbia, naombeni ushauri wakuu

Kibodi Moro:
Habari zenu wakuu. Nina kasehemu kangu ka gemu huku Morogoro, PS nne na kompyuta sita nilizochukua used. PS hazina tatizo, mpira unachezwa kutwa, jero kwa mechi, watu wanapanga foleni mpaka wanagombana. Kasheshe ni kompyuta. Mimi ni mgonjwa wa StarCraft II, ile gemu ya vita ya kujenga mji na jeshi, toka niko chuo, ilivyofanywa bure mwaka 2017 nikajua sasa kila mtu ataipenda, kwahiyo nilivyofungua hii sehemu nikaishusha kwenye mashine zote sita, bando lilinitoa jasho ila nikasema poa tu italipa. Wapi! Mtu anakaa siku mbili, ya tatu yuko kwenye PS anasubiri zamu.

Juzi kuna dogo mmoja wa bodaboda, ana kichwa kweli, kwenye drafti hapa kijiweni hakuna wa kumgusa, nikamkalisha mwenyewe nikamwambia wewe hii ndo ya kwako. Akachukua Terran, upande wa binadamu, akawa anajenga mdogo mdogo, kibanda huku kibanda kule, vibarua wanachimba madini, ana raha ananiambia kaka cheki mji wangu. Hata dakika tatu hazijafika zikaingia Zergling, vidudu vya adui, kama kumbikumbi, zikamaliza vibarua wote. Akanigeukia, "Kaka hawa wadudu wametokea wapi, mbona mimi sijamaliza kujenga?" Nikacheka, na pale kucheka nilikosea. Akaweka mia tano yake mezani, akachukua helmeti akasepa.

Sasa naomba kujua, hii gemu haimfai mtu wa kawaida au kuna mahali mimi ndo nazingua? Natanguliza shukrani.

Kiroboto:
PS zinakulipa halafu unalia? Uza hizo kompyuta uongeze PS. Next.

Fundi Antena:
Kiroboto tulia kwanza. Mkuu, StarCraft ile ya kwanza ya 1998 ilikuwa gemu ya mtaani kabisa kule Korea Kusini. Uchumi wao uliyumba 1997, ajira zikapukutika, vibanda vya kompyuta wanavyoviita PC bang vikaota kila kona, intaneti ya kasi nayo ikasambaa, vijana wakawa wanalipa hela kidogo kwa saa wanacheza na washkaji. Ikafika mpaka kwenye TV, kuna chaneli zilikuwa zinaonyesha mechi kama sisi tunavyoangalia derby ya Kariakoo, na 2004 fainali moja ilichezewa ufukweni Gwangalli, Busan, watu waliojaa pale walitajwa kufika laki moja.

Sasa unadhani laki nzima hiyo ilikuwa inajua kucheza? Thubutu. Watu wa kawaida walikuwa na ramani zao zenye madini yasiyokwisha kama Big Game Hunters, mnakubaliana kabisa kabla hamjaanza, dakika kumi hakuna kumvamia mtu, kila mmoja ajaze jeshi lake ndo mkutane katikati. Wengine hata hiyo vita hawakuigusa, walikuwa wanacheza ramani zilizotengenezwa na wachezaji wenyewe, mojawapo Aeon of Strife ambayo ndo babu wa Dota, na Dota ndo ikazaa hizi za watano kwa watano ambazo hao vijana wako wanazo kwenye simu. Kwahiyo usiseme mtu wa kawaida hapendi gemu ya mbinu. Asichopenda ni kufa dakika ya pili bila kujua kauliwa na nini.

Mama Twins:
Samahani kaka, hao vijana wanacheza kwa akaunti ya nani?

Kibodi Moro:
Yangu dada, mtu akikaa nafungua ya kwangu, kufungulia kila mtu akaunti ni mlolongo.

Mama Twins:
Na wewe uko ligi gani?

Kibodi Moro:
Diamond, moja ya ligi za juu, seva ya Ulaya.

Mama Twins:
Eeh Mwenyezi Mungu! 😂 Kaka umewapeleka watoto wa chandimu kucheza ligi kuu halafu unashangaa wanafungwa kumi. Mfumo unatafuta mpinzani kwa pointi za akaunti, haujui kwamba aliyekaa kwenye kiti leo ni dogo wa bodaboda, unajua ni wewe. Anapewa mtu wa Diamond huko Ulaya aliyecheza miaka kumi. Mfungulie kila mtu ya kwake, ni bure, na uzuri akaunti ya bure haikuachii kuingia ligi siku hiyo hiyo, inakulazimisha uzoee kwanza kwa mechi zisizo za ligi au za kupambana na kompyuta.

Halafu ngoja nikwambie jambo, mimi nacheza hiyo gemu toka 2012 na ligi sijawahi kuikanyaga, na sina mpango. Nacheza kampeni, ile ya hadithi unacheza peke yako dhidi ya kompyuta, watoto wakilala naweka kiwango cha Casual, hicho ndo cha chini kabisa wala sioni aibu, najenga mji wangu wote nazungushia mizinga, naua midudu, nalala. Kampeni ya Wings of Liberty yote ni bure. Mlianza nyie wanaume kuaminishana kwamba usipocheza mmoja kwa mmoja hujacheza.

Mtoto wa Kisauni:
Dada hapo umelonga. Mie niko Mombasa, na mie nimeingizwa kwa Co-op, ile ya wawili upande mmoja dhidi ya kompyuta. Ndugu yangu anza nayo hiyo. Raynor, Kerrigan na Artanis ni bure, hao makamanda wengine wawachezesha bure mpaka levo ya 5, kwa mgeni hiyo yamtosha. Kuna misheni ya kulipua treni, na kuna moja yaitwa Dead of Night, usiku mizombi yaja mpaka mlangoni mwajifungia, kukicha mwatoka kuchoma majengo yao kabla jua halijazama tena. Wallahi siku ya kwanza twaicheza na binamu yangu twapigiana kelele hadi shangazi akaja kuuliza nani kaumia. Ukishindwa mwashindwa wawili, mwacheka. Ya peke yako ukishindwa walaumu nani?

Kiroboto:
Sawa na hilo bando je? StarCraft II haina LAN, mashine mbili ziko meza moja lazima zipite seva ya huko mbali ndo zikutane. Net ikikatika katikati ya mizombi hapo si utarudisha hela?

Kibodi Moro:
Kiroboto hapo umenigusa kwenye kidonda, mwezi uliopita net tu ilikula faida yote ya kompyuta.

Fundi Antena:
Ndo maana nikaanza na ya 1998. Nayo ilifanywa bure 2017, haichagui mashine, na hiyo unaunganisha waya humo humo ndani watu wanapigana bila intaneti. Picha zake za kizamani sawa, ila mtu akiwa na mshkaji kiti cha pembeni anamtukana hakumbuki picha. Weka nne ya zamani, mbili ya mpya.

Na kingine, usimuache mtu aliyefungwa aondoke hivi hivi. Mfungulie marudio ya mechi umuonyeshe upande wa adui. Kwenye drafti kete zote unaziona, ukiliwa unajua umeliwa wapi. Huku ukungu umefunika ramani, dogo hakuona chochote mpaka wadudu wako sebuleni. Muonyeshe yule adui wa Zerg, upande wa wadudu, alivyoacha kuongeza vibarua akakimbilia jeshi toka mwanzo. Kama kweli ana kichwa cha drafti hapo ndo utamnasa.

Kibodi Moro:
Wakuu nimerudi kutoa mrejesho. Jumamosi nimefungua akaunti mpya tano, nikapanga Co-op, viti viwili viwili. Dogo wa bodaboda nilimfuata mwenyewe kijiweni nikamuomba msamaha, akaja na mwenzake mmoja fundi viatu. Nikamuonyesha marudio ya ile mechi, akaangalia kimya mpaka mwisho, akasema "kumbe alikuwa hajengi kitu huyu, angekuta ukuta ingekula kwake." Nikajua huyu nimempata. Wakaingia kwenye mizombi, fundi viatu ndo akawa anapiga kelele kuliko wote, hadi wa PS wakageuka kuangalia. Ila wengine watatu walicheza moja moja wakarudi kwenye mpira, nao siwezi kuwafunga kamba.

Sasa limekuja jingine. Mpira mechi moja dakika kama kumi jero, hawa wawili misheni moja inaenda nusu saa. Nikitoza elfu kila mtu watakimbia, nikitoza jero kila mtu umeme na bando ni juu yangu. Mnatozaje wenzangu?

Fundi Antena:
Toza kwa saa mkuu, achana na mechi. Na ile ya zamani iwe bei ya chini maana haili bando.

Kiroboto:
Mimi nilisema uza.